Dawa Isiyoonjwa

Pudentienne alimshuku yule kijana tangu alipomwona akivua viatu ili avuke mfereji wa mpunga. Mtu wa mjini akivua viatu bila kuombwa, ujue kuna kitu anakitaka. Pudentienne alikuwa amepiga magoti katika shamba lake la muhogo hapo Nyakabere, akaendelea kung'oa magugu bila kuinua kichwa, akamwacha ateleze, alowe suruali mpaka magotini, afike mwenyewe. Kwapani kijana alibana kaye, daftari la kuandikia. Hiyo kaye ndiyo iliyommaliza kabisa hamu ya kumkaribisha.

Kijana alisema jina lake ni Hyacinthe, mtoto wa marehemu Antoine aliyekuwa karani kule Kimanga, mjini Uvira. Alisema yeye ni assistant kwenye université, chuo kikuu kilicho mbali huko Léopoldville, na kazi yake ni kufundisha majani yanayoponya. Pudentienne akamuuliza majani gani. Kijana akacheka kwa aibu, akasema hapo ndipo penye shida. Anafundisha majani ya Ulaya. Wanafunzi wake, watoto wa Congo watupu, wanakariri mimea inayoota kwenye baridi kali, mimea ambayo hata yeye mwalimu wao hajapata kuigusa, anaijua kwa picha tu. Mwaka wa nne wa uhuru huu, na mtoto wa bonde la Ruzizi bado anafanya mtihani juu ya jani ambalo hata mbuzi wa kwao halijui! Profesa wake amekubali kwa shingo upande kumpa saa moja kila wiki afundishe dawa za nyumbani, lakini kwanza amempa miezi michache alete maandishi yaliyonyooka: jina la mti, sehemu inayotumika, kipimo, na mahali unapoota.

“Na minye naingia wapi?” Pudentienne akauliza.

Kijana akamwambia kwamba alipokuwa na miaka saba macho yake yaligeuka manjano, mama yake akambeba mgongoni toka Kimanga mpaka hapa, na Pudentienne akamponya kwa kitu kichungu ambacho mpaka leo anakisikia ulimini. Pudentienne akamtazama vizuri usoni kwa mara ya kwanza. Hakumkumbuka. Watoto wa macho ya manjano aliowatibu walikuwa wengi mno, na hadithi kama hiyo mtu yeyote angeweza kuiokota sokoni akaja nayo.

Sasa sikia ni kwa nini alikuwa hivyo, usije ukamwita mchoyo bure. Zamani za Wabelgiji, Pudentienne akiwa bado mwanamke kijana, Mzungu mmoja dokta alikuja vivyo hivyo, na kaye vivyo hivyo, akakaa kwa mama yake siku nne, akala ugali wao, akausifu. Mama akamwambia kila kitu kwa moyo mweupe. Miezi miwili baadaye wakaja watu wa serikali na karatasi iliyopigwa mashine, na jina la mama liko juu kabisa. Wakang'oa kila mti uliotajwa. Wakamfunga mama wiki tatu kwa kosa la uchawi. Alirudi na kikohozi, na mvua zilizofuata hakuziona. Pudentienne hakujua kusoma, lakini kitu kimoja cha maandishi alikijua kwa sura: jina la mama yake juu ya karatasi ile, kwa sababu alilikodolea macho mpaka askari akamsukuma.

Basi ungedhani angemfukuza Hyacinthe. Wapi! Pudentienne alikuwa mjanja kuliko hivyo. Ukimfukuza mpelelezi atazunguka nyuma ya nyumba, atauliza majirani. Ukimketisha mbele yako unaona mikono yake. Alimwambia atamfundisha, kwa sharti moja. Jina lake lisiandikwe mahali popote, wala lisitajwe kwa muntu yeyote, hata akiulizwa na nani. Kijana akaapa kwa kaburi la baba yake. Pudentienne akaitikia kwa kichwa, na moyoni akasema, kiapo cha mwenye kaye, haya, tutaona.

Akaja kila wiki, toka kwa shangazi yake Kimanga alikofikia. Alifika asubuhi juu ya lori za pamba, akarudi jioni. Na Pudentienne alimfundisha kweli, miti thelathini na mmoja, akimtembeza bondeni mpaka miguu ya kijana ikavimba. Ila kila dawa aliing'oa jino moja. Penye ganda alisema majani. Penye kuchemsha alisema kuloweka. Penye mzizi wa mti mchanga alisema mzizi wa mti mzee. Si sumu, hapana, hakuwa muuaji. Dawa zilizoandikwa kwenye kaye ile zisingemdhuru mtu. Zisingemponya pia.

Na kulikuwa na alama moja ambayo mwenye kujua angeijua siku ya kwanza. Waganga wa bonde hawampi mtu dawa kabla ya kuionja mbele yake. Mama yake Pudentienne alichovya kidole, akakigusisha ulimini, akameza, mgonjwa akiangalia, ndipo akampa. Hata alipokuwa anamfundisha binti yake kwa mdomo tu, bila dawa yoyote mkononi, kidole kilikwenda ulimini kila alipotaja dawa ya kweli. Ndiyo desturi, mkono unazoea. Pudentienne naye alikuwa hivyo. Lakini mbele ya Hyacinthe mkono wake ulikaa juu ya goti, miezi mitatu mizima. Kijana hakuona kitu. Alikuwa anaandika.

Mti ambao kijana aliupenda kuliko yote ni mulinzi. Unaujua, ule wa maua mekundu na ganda nene lenye miiba, unaopandwa mlangoni mwa boma ili ulilinde, ndiyo maana watu wa bonde wameupa jina hilo. Ndio uliomponya macho ya manjano, alipoambiwa hivyo alifurahi kama mtoto. Pudentienne alimwambia ni majani yake yanayochemshwa. Hyacinthe akaandika majani. Kisha, bila kuagizwa, akazunguka mji wa Uvira akihesabu ile milinzi, apate kujua mahali pa kuwaleta wanafunzi likizo ikifika, akaandika kwa herufi zake nzuri: *Mulinzi: 3 nyuma ya misioni, 2 kwenye daraja la Mulongwe, 1 mbele ya bureau ya serikali.*

Siku moja alimwambia, mama, kaye haitoshi, uje wewe mwenyewe usimame mbele ya wanafunzi. Nitakaa nyuma kama wao. Pudentienne alicheka mpaka akakohoa. Yeye, kwenye université! Lakini wiki nzima akajikuta anafikiri angevaa kitambaa gani, kile cha kijani au kile cha Pasaka, na alipojishika akiwaza upumbavu huo alikasirika, akaona huo ndio utamu ule ule waliompaka mama yake. Wiki iliyofuata alimdanganya vibaya zaidi.

Mwezi wa nne bunduki zikaanza kulia bondeni. Lori za pamba zikasimama. Hyacinthe akakwama kwa shangazi yake Kimanga, na barabara ya kurudi kazini ikawa haipitiki. Mwezi wa tano Simba, wale wapiganaji wa uasi, wakaingia mjini, wasoda wa serikali wakakimbia na magari yao, na neno msomi likawa neno la kusemwa chini chini. Mwenye tai aliificha tai. Mwenye karatasi aliichoma. Hyacinthe, mtoto wa watu, hakuchoma kitu.

Habari aliileta Charlotte, mama wa Kimanga aliyekuwa anapandisha ndagala, wale dagaa wa ziwani, hadi Nyakabere na kushuka na unga. Alitua kapu, akanywa maji, akasema wamemkamata yule kijana wenu wa majani. Walimkuta na kaye kwenye daraja la Mulongwe. Komanda wao anajua kusoma, tena sana, akaifungua mahali akakuta mulinzi, watatu hapa, wawili pale, mmoja mbele ya bureau, na kweli kwenye daraja na kwenye bureau Simba wameweka walinzi. Hesabu ya walinzi wetu, akasema, inapelekwa kwa wasoda. Kijana anasema ni muti. Wapiganaji wa huku wamesema ndiyo, muti huo uko. Komanda akawacheka: mpelelezi mwenye akili, akasema, ataiita bunduki muhogo. Kama ni dawa, amtaje aliyemfundisha.

“Na amemutaja?” Pudentienne akauliza.

“Siku mbili wanamupiga. Anasema tu ni muti, ni muti. Muntu aliyemufundisha hamutaji. Wamemupa mpaka kesho saa sita ya muchana.”

Na usidhani huruma ndiyo iliyomjia Pudentienne kwanza. Kwanza alimtazama Charlotte, akalitazama kapu lake, akajiuliza kama mama huyu ametumwa. Labda kijana ametaja zamani. Labda huu ndio mtego, wamwite kwa mdomo wa mchuuza samaki ili aje kwa miguu yake. Aliligeuza wazo hilo huku na huku kwa muda mrefu. Lakini wangekuwa wamelijua jina lake wangekuja na bunduki, wasingekuja na ndagala. Basi kijana hakutaja. Anapigwa siku mbili kwa ajili ya kiapo alichokidharau yeye Pudentienne, na kwa ajili ya kaye ambayo ndani yake hakuna dawa moja iliyo nzima. Alipofika hapo katika kufikiri, aliinuka. Aibu ilimshika mbichi, akashindwa hata kumuaga Charlotte.

Alianza safari kabla jua halijachomoza, na ilipofika saa nne ya asubuhi alikuwa anaingia Mulongwe. Simba walikuwa wamekaa katika shule moja kando ya mto, kuta zake bado zina alama ya matope ya mafuriko hadi kiunoni. Hawakumruhusu asogee. Wapiganaji wana dawa ya kuzuia risasi mwilini, wakasema, mwanamuke asiwaguse, na wakamketisha chini nyuma ya mstari wa majivu uliochorwa uani. Kutoka hapo alimwona Hyacinthe, ameketi chini, mikono nyuma, midomo imepasuka. Kijana alipomwona alitikisa kichwa haraka haraka: rudi, rudi. Mpaka hapo bado alikuwa anamficha.

Komanda aliitwa Placide. Alikuwa mtu wa mbali, upande wa Kasongo, kijana bado, amevaa saa mbili kwenye mkono mmoja. Watu walisema alisoma seminari akafukuzwa, na kweli aliishika kaye kama padri anavyoshika misale. Kando yake, kwenye benchi la wanafunzi, aliketi mzee Manirakiza, ambaye sasa wote walimwita dokta. Pudentienne alimjua kwa jina. Alikuwa mganga wa upande wa mto Ruzizi. Simba walimtoa kwenye shamba lake la pamba awatengenezee dawa ya vita, na tangu hapo anakula nyama kila siku na hana ruhusa ya kwenda nyumbani.

“Ni minye nilimufundisha,” Pudentienne akasema. “Mumuachilie. Ile ni kaye ya dawa.”

Komanda hakushangaa. Akasema vizuri sana, basi jambo ni rahisi. Akafungua ukurasa. Mulinzi, akasoma, dawa ya macho ya manjano. Mama atasema inatengenezwaje, na yeye ataangalia kilichoandikwa. Yakilingana, kijana ataondoka. Yakipishana, wote wawili ni wapelelezi.

Pudentienne akafungua mdomo, na hapo ndipo alipoona shimo alilojichimbia. Alimdanganya nini kuhusu mulinzi? Majani? Mizizi? Au ilikuwa kuloweka? Miti thelathini na mmoja, uongo thelathini na mmoja, kila wiki wake, na alivyokuwa na hasira hakuwahi kuuweka kichwani hata mmoja. Ukweli aliujua, alikuwa nao tangu utoto. Uongo aliuacha palepale alipoutema. Alimtazama Hyacinthe amsaidie, naye masikini alikuwa ametulia sasa, hata na matumaini usoni, kwa sababu yeye aliamini kaye yake ni sahihi na mama atasema sawasawa na kaye.

“Ganda,” Pudentienne akasema. Kidole kikaenda ulimini chenyewe. “Ganda la upande jua linapotokea. Unalichemusha mara mbili.”

“Hapa imeandikwa majani,” komanda akasema.

Mpiganaji mmoja aliinuka. Hyacinthe alimtazama Pudentienne, na Pudentienne aliona ule uso ukibadilika pole pole, kwanza kutokuelewa, kisha kuelewa, na angetamani wampige yeye risasi kuliko kuuona.

“Imeandikwa majani kwa sababu nilimudanganya,” akasema. “Zote. Kila muti nilimudanganya kitu kimoja. Nilimuona ni muntu wa kutuiba. Yeye aliandika vile nilisema, muongo ni minye. Fungua fasi yoyote unataka. Nitakuambia iko nini pale ya uongo.”

Komanda alicheka kwa pua. Alipenda mchezo huo, ulionekana. Alifungua ukurasa mwingine, akataja mti na ugonjwa, Pudentienne akasema dawa ilivyo, kidole ulimini, komanda akasoma kilichoandikwa, kimepishana kitu kimoja tu, akamgeukia Manirakiza. Mzee akasema mama anasema kweli, kaye ndiyo iko na uongo. Ukurasa wa tatu, vilevile. Wa nne, vilevile. Manirakiza akaongeza kwamba mpelelezi hawezi kutunga kitu kama hiki, hii ni kazi ya mganga anayeficha, kila mahali ameficha kile kile ambacho mganga angekificha. Wapiganaji wa bonde wakaanza kucheka, wakimwonea huruma yule msomi aliyezungushwa miezi mitatu na mama wa muhogo. Hyacinthe aliangalia chini.

Basi, mambo yalikuwa yamekwisha. Mtu mwingine angefurahi. Lakini Pudentienne alikuwa anamwangalia komanda mikono, kama alivyozoea, na akaona kwamba komanda haachi. Alikuwa ametoa kalamu nyekundu ya mwalimu, na kwenye kila ukurasa anafuta neno la uongo na kuandika la kweli juu yake, kwa uangalifu, akiuliza kipimo mara mbili. Wa tano. Wa sita. Wa saba. Ushahidi gani tena huu? Huyu hatafuti ushahidi.

“Vita iko na majeruhi,” komanda akasema, kana kwamba amemsikia. “Kaye hii itabaki kwetu. Jina lako ni nani, mama?”

Akamwambia, angefanyaje. Komanda akarudi ukurasa wa kwanza, akaandika. Pudentienne hakuweza kulisoma jina lake mwenyewe, lakini aliona lilipokaa. Liko juu kabisa.

Damu ilimpanda kichwani. Ukurasa wa nane komanda akataja mti wa tumbo la watoto, mzizi, akauliza mzee au mchanga. Kaye ilisema mzee. Pudentienne akasema huo ni uongo, si mzizi kabisa, ni maua. Mkono wake ulibaki juu ya goti.

Komanda akamgeukia Manirakiza. Mzee hakuwa anamtazama Pudentienne usoni. Alikuwa anautazama mkono. Aliutazama mpaka Pudentienne akasikia jasho likimteremka mgongoni. Neno moja tu la mzee, na watatu hao, yeye na kijana na mama yake kaburini, wamekwisha. Sijui mzee aliwaza nini. Labda alimhurumia. Labda alihesabu tu kwamba kaye ikishakamilika, hakuna atakayehitaji dokta, na dokta asiyehitajika katika vita ile hakurudishwa shambani kwake kwa heshima.

“Ni kweli,” Manirakiza akasema. “Ni maua.”

Komanda akaandika maua, kwa kalamu nyekundu. Na kuanzia hapo, jamani, walimjaza. Ukurasa wa tisa mpaka wa thelathini na moja Pudentienne alitoa uongo mmoja akaweka mwingine, mkono umetulia gotini, na mzee kila mara anaitikia ni kweli, ni kweli, kwa sauti ya mtu aliyechoka kukubali. Saa sita ilipogonga, komanda alikuwa na kaye safi, nyekundu tupu, na amefurahi. Akaamuru kijana afunguliwe. Kwa mama akasema nenda, nikikuhitaji sasa ninakujua.

Walitembea mpaka daraja la Mulongwe. Hyacinthe alichechemea, na kila Pudentienne aliponyoosha mkono amshike, alijisogeza. Walipovuka wakafika ilipo ile milinzi miwili, na hapo kijana akasimama.

“Zote, mama?”

“Zote.”

“Ningesimama mbele ya wanafunzi na ile kaye,” akasema. “Ningewaambia hii ndiyo akili ya kwetu. Muntu angemupa mutoto wake majani.” Midomo ilikuwa inatoka damu tena. “Sikukutaja. Siku mbili, sikukutaja.”

Pudentienne alisema anajua. Alitaka kusema zaidi, kuhusu mama yake na karatasi na jina lililokuwa juu kabisa, lakini aliona ni kama kujitetea, na hakuwa na la kujitetea. Alisema tu kwamba anaona aibu. Kisha akasema kesho atapanda milimani kwa dada yake Louise, maana komanda akigundua ukweli wa ile kaye atarudi kumtafuta, na Hyacinthe afuatane naye, huko hakuna anayemjua kuwa ni msomi. Njiani atamfundisha dawa zote upya. Bila karatasi. Ataweka kichwani kama yeye alivyowekewa, na siku barabara zikifunguka atakwenda nazo hukohuko kwenye université zikiwa kichwani, ambako hakuna wa kuzinyang'anya.

Hyacinthe alimtazama. Yalikuwa macho ambayo Pudentienne aliyajua vizuri sana, kwa sababu ndiyo yeye mwenyewe aliyomtazamia kijana miezi mitatu.

“Na nitajuaje kama sasa unasema kweli?”

Pudentienne alichomoa kisu kidogo kwenye kitambaa cha kiunoni, akauendea mulinzi wa karibu, akazunguka upande jua linapotokea, akabandua kipande cha ganda. Akakwangua miiba. Akauma nusu, akatafuna mbele yake, pole pole, machozi yakimtoka kwa uchungu, akameza, akafungua mdomo aone kwamba amemeza. Nusu iliyobaki akamnyooshea.

“Mama yangu hakumupa muntu dawa mbele hajaionja yeye,” akasema. “Waganga wote wa huku iko hivyo.”

Kijana alifikiri. Ulionekana usoni mwake ule mwendo wa kurudi nyuma, wiki kwa wiki, mti kwa mti.

“Kwangu hukuonja.”

“Hata siku moja.”

Hyacinthe alilichukua lile ganda, akaligeuza, akapatazama palipoumwa na meno ya Pudentienne. Kisha akalitia mdomoni, na midomo yake ile. Uso ukamkunjamana wote, jicho la kushoto likafumba zaidi ya la kulia, kidevu kikatetemeka, na ndipo Pudentienne alipomkumbuka. Mtoto mwembamba, mgongoni kwa mwanamke aliyevaa rozari ya mbao, aliyefumba jicho moja vilevile na kumtemea dawa mara mbili kwenye kitambaa kabla ya kukubali kumeza.

Safari hii hakutema. Akameza, akafuta mdomo, akasubiri.

“Ya pili,” Pudentienne akasema, na kidole chake kikaenda ulimini.